Safu ya Lugha: Ndege ya jeshi, ndege ya kivita

Mashabiki wa ndege wakiona rangi ya jeshi tu, huita “ndege ya kivita”. Hapana! C-130 Hercules, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1954, hubeba askari, magari na hata chakula cha msaada. Hiyo ni ndege ya jeshi, ya mizigo. Ya kivita ni ile iliyoundwa kupigana, kama MiG-21.

Neno “jeti” nalo linaonewa. Tumelitoa kwa Waingereza, nao kwa Wafaransa, kwao asili yake ni kutupa: injini hutupa hewa ya moto nyuma, ndege ikaenda mbele. Q400 ya Air Tanzania inavutwa na mapangaboi (mabaharia wangesema rafadha), hivyo usiiite jeti. Airbus A220, sawa.