Mwendo wa Polepole katika Misitu ya Maniema

Mwaka 1982 idara ya misitu ya Japani ilianza kuhimiza zoezi liitwalo shinrin-yoku, maana yake kuoga msitu. Hakuna maji wala sabuni. Watu wachache humfuata kiongozi kwa mwendo wa polepole sana, simu zimezimwa, wakisikiliza ndege, wakigusa magome ya miti, wakinusa udongo. Wataalamu walipowapima baadaye, waliona mapigo ya moyo yametulia.

Sisi wa Kasongo na Kabambare huenda tukacheka: nani kati yetu asiyeujua msitu? Lakini tukiichungua historia yetu, tutaona kwamba wengi waliopita humo walikuwa na haraka, au mzigo, au hofu.

Katika karne ya 19 Tippu Tip alifanya makao yake Kasongo, na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipita nchi hii kuelekea Ujiji. Mwaka 1876 Stanley alimwomba amsindikize kaskazini ya Nyangwe. Kwa maandishi ya Stanley, walipatana dola 5,000 kwa vituo 60, kila kituo mwendo wa saa nne. Hivyo ndivyo msitu ulivyopimwa siku zile. Giza na matope viliwachosha wapagazi, naye Tippu Tip akarudi kabla ya vituo hivyo kutimia.

David Livingstone naye alikuwa na haraka, akitafuta chanzo cha mto Nile. Alifika Kabambare, aliyoiandika Bambarre, Septemba 1869. Julai 1870 vidonda vya miguu vilimrudisha hapo, akakaa hadi Februari 1871. Alipokuwa Manyema aliisoma Biblia nzima mara nne. Ni yeye pia aliyeandika jinsi jua la adhuhuri lilivyopenya majani kwa miale myembamba tu. Hatusemi alikuwa ametulia: aliugua, alinung'unika, na vijiji vilivyomzunguka vilikuwa vikishambuliwa na wafanyabiashara ambao yeye mwenyewe aliwategemea. Hata hivyo, miguu ilipokataa, macho yake yalipata nafasi.

Wazee wetu wanaukumbuka msitu kwa namna nyingine. Wakati wa uasi wa Simba, mwaka 1964, na tena katika vita vya 1996 na 1998, familia zilikimbilia porini, zikalala bila moto ili moshi usiwafichue. Aliyelala hivyo akiwa mtoto, ukimwalika leo akasikilize ukimya wa miti, atakuuliza kwanza kama njia ni salama. Tusimwone mwoga.

Kwa hiyo kikundi kinachotaka kutembea hivyo kimtafute mwindaji mzee, au mama mchuma uyoga, atangulie mbele. Yeye anajua njia ipi inapitika msimu huu, na mahali pa kuketi pasipo na siafu.