Magari ya Kurithi ya Kuba

Fidel Castro alipotwaa madaraka Januari 1959, barabara za Kuba zilijaa Chevrolet, Ford, Buick na Cadillac zilizovushwa kwa meli kutoka Marekani. Mwaka 1960 Marekani ilianza kuzuia bidhaa zake, na Februari 1962 ikapiga marufuku karibu biashara yote. Magari yakabaki, spea zikaisha.

Yaliyofuata yalitokana na sheria zaidi kuliko mapenzi ya vitu vya kale. Hadi 2011, gari ambalo Mkuba aliruhusiwa kumuuzia mwenzake bila kikwazo ni lile lililokuwako kabla ya mapinduzi. Lada na Moskvitch za Kisovieti ziligawiwa na serikali kwa madaktari, wahandisi na wafanyakazi hodari. Hivyo gari la babu likawa mali kama shamba au nyumba: lilirithiwa na mtoto, kisha mjukuu, pamoja na ufundi wake.

Ufundi wenyewe si haba. Upepo wa chumvi wa Malecón, barabara ya kando ya bahari jijini Havana, hula bati mfululizo, kwa hiyo kazi kubwa ni ya bodi: kukata palipooza, kuchomelea kiraka, kunyoosha kwa nyundo, kupiga msasa, kupaka rangi. Vipuri visivyopatikana hukerezwa. Baada ya Umoja wa Kisovieti kusambaratika mwaka 1991, mafuta yaliadimika, na injini za silinda nane zikawa mzigo. Ndiyo maana Chevrolet Bel Air ya 1957 inayong'aa kwa kromu huenda ikafunguliwa boneti na kukutwa na injini ya dizeli ya gari jingine kabisa. Mkusanyaji wa magari ya kale angeita huo uharibifu, lakini yeye ana gari jingine la kwendea kazini.

Umri hugawa kazi. Mzee asiyeweza tena kulala chini ya gari hubaki kuwa kumbukumbu yake: ndiye ajuaye waya upi ulibadilishwa na giaboksi ilitoka wapi, mambo yasiyo katika kitabu chochote. Vijana huingia uvunguni, na wengi huliendesha kama teksi ya kuchangia, riziki ya nyumba nzima.

Gari la kurithi halikupata mbadala hata Januari 2014, serikali iliporuhusu magari mapya kuuzwa bila kibali. Peugeot 508 iliwekwa bei ya zaidi ya dola 260,000, ilhali mshahara wa wastani serikalini ulikuwa kama dola 20 kwa mwezi. Katika miezi 6 ya kwanza yaliuzwa magari 50 tu nchi nzima.