Maabara ndani ya simu: mtoto asiachwe peke yake

Bado zipo shule za vijijini zisizo na maabara. Je, simu ya mzazi inaweza kusaidia? Ndiyo, ikitumiwa kwa mpango.

Mwaka 2002 mwanafizikia Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobeli, alianzisha mradi wa PhET katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Mradi huo hutoa bure majaribio ya sayansi ya kuigiza. Katika jaribio la umeme, mwanafunzi huunganisha betri, nyaya na balbu kwenye skrini. Akikosea, haungui.

Lakini kubonyeza ovyo si kujifunza. Tunashauri watoto wawili au watatu watumie simu moja. Mwalimu au mzazi aulize: "Tukiongeza balbu ya pili kwenye mzunguko huohuo, mwanga utazidi au utafifia?" Kila mmoja akisie na kutoa sababu. Kisha wajaribu, waone, waelezane. Mzazi si lazima ajue jibu, kazi yake ni kuuliza "kwa nini?"

Tahadhari: umeme wa nyumbani si wa kuigiza. Waambieni watoto mapema wasiuguse.