Zimwi

Zimwi, wingi mazimwi, ni jitu la hadithi linalokula watu, na mwandishi wa riwaya ya vijana ya kutisha na kuchekesha hahitaji jina jingine. Neno lina ndugu wengi: Wakikuyu husema irimũ, Wakamba eimu, Wazulu izimu. Kitengela, mji wa Kajiado ambako Wakikuyu na Wakamba wanaishi na Wamaasai, linaeleweka papo hapo. Wamaasai wana lao, Nenaunir, alilolieleza mwandishi A. C. Hollis mwaka 1905: nusu mtu, nusu jiwe. Hukaa msituni, humwita mpita njia ndugu, humwomba amsaidie kujitwika kuni, kisha humuua. Hila hiyo ya adabu, inayochekesha kabla ya kutisha, inafaa mno kwa kitabu cha likizo ya Agosti huko Kajiado.