Presha ya Aliyelala

Mwaka 1733 mchungaji Mwingereza, Stephen Hales, alichapisha habari za jaribio la kutisha. Alimlaza farasi jike, akaupenyeza mrija wa shaba kwenye mshipa wa paja lake na kuuunganisha na bomba refu la kioo. Damu ilipanda zaidi ya futi 8. Nguvu ya damu ilikuwa imepimwa, lakini kwa gharama ya uhai wa mnyama.

Kwa mwanadamu, hatua kubwa ilikuja mwaka 1896, pale Scipione Riva-Rocci wa Turin alipobuni mkanda wa kufunga mkononi na kujazwa upepo, uliounganishwa na zebaki. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaongeza stethoskopu chini ya mkanda huo. Dunia nzima ikajifunza kupima presha kwa njia hiyo, na karibu kila mara mchana, mgonjwa akiwa macho mbele ya daktari.

Usiku ukabaki gizani. Si kwamba hakuna aliyeuwazia: Leonard Hill wa London aliandika tangu 1898 kwamba presha hushuka mtu anapolala. Tatizo ni kwamba mkanda ukibana unaweza kumshtua aliyelala, na akishtuka presha hupanda. Hata kifaa cha kubeba mwilini alichotumia Maurice Sokolow huko San Francisco katika miaka ya 1960 kilimtaka mgonjwa aujaze upepo mkanda mwenyewe. Aliyelala atawezaje?

Jibu lilitoka Oxford. Mwaka 1969 Bevan, Honour na Stott walieleza jinsi walivyopenyeza mrija mwembamba katika ateri ya mkono na kurekodi kila pigo la moyo, watu wakiendelea na shughuli zao, kisha wakilala. Mwaka 1978 watafiti wa hospitali ya Northwick Park, London, wakitumia njia ya aina hiyo, walionyesha mkondo wa siku nzima: presha iko juu asubuhi, hushuka sana usiku, na huanza kupanda tena kabla mtu hajaamka.

Kwangu mimi, mwaka mkubwa kuliko yote ni 1988. Eoin O'Brien na wenzake wa Dublin, kwa mkanda unaojijaza wenyewe usiku kucha, waliwachunguza wagonjwa 123. Kati ya 102 ambao presha yao ilishuka walipolala, 3 waliwahi kupata kiharusi. Kati ya 21 ambao haikushuka, walikuwa 5. Ni kundi dogo, na hesabu ya namna hiyo peke yake haithibitishi chanzo. Lakini mwaka 2002 utafiti wa Ohasama, Japani, uliofuatilia watu wa kawaida kwa miaka mingi, uliona kwamba mtu ambaye presha yake haishuki vya kutosha yuko hatarini zaidi kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa, hata kama wastani wake wa saa 24 ni wa kawaida.

Leo madaktari hutarajia presha ishuke kwa asilimia 10 au zaidi usiku. Ugonjwa wa figo, kisukari, na kukatika pumzi usingizini kunakoambatana na mkoromo mkubwa huweza kuizuia isishuke. Ikiwa una mojawapo ya haya, muulize daktari wako kuhusu kipimo cha saa 24. Kipimo cha kliniki pekee hakitakuambia kinachotokea ukiwa umelala.