Mwenye Mkahawa na Upelelezi: Nasaba ya Mpelelezi Asiye Askari

Katika hadithi za upelelezi yumo mtu mmoja ambaye msomi huelekea kumpita bila kumtazama mara mbili, naye ni mwenye mkahawa wa mji mdogo, ambaye mchana huwapikia watu chakula na usiku hufuatia siri ya mtu aliyeuawa. Mara nyingi huhesabiwa kuwa ni mchezo tu, kitu cha kumpitishia msomaji saa zake. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba mtu huyu ana nasaba ndefu, na kwamba tukimfuata katika nasaba hiyo tutaona jambo lihusulo hadithi zetu wenyewe. Jambo hilo ni hili: swali kuu la hadithi ya upelelezi si "Nani aliyeua?" peke yake, bali pia "Ajuaye amejuaje, na alikuwa na haki gani ya kujua?"

Yafaa tuanze na maneno, kwa kuwa lugha yetu yenyewe ina shaka juu ya kazi hii. Kupeleleza ni kuchungua mambo ya watu kwa siri, na neno mpelelezi humfaa mtu wa vita atumwaye kutazama kambi ya adui, kama limfaavyo mtu wa polisi atafutaye mwizi. Askari kanzu ni askari aliyevua sare yake akavaa nguo za raia. Na jina hili, likitazamwa vizuri, lina hofu ndani yake, maana huyo ni serikali iliyojificha katika vazi la jirani. Lakini tukimtafutia jina mtu asiye askari, aulizaye mambo yasiyomhusu, tutakuta kwamba majina tuliyo nayo ni mdaku, mbeya, mpekuzi. Hapana hata moja lenye sifa. Labda mdadisi pekee ndiye awezaye kusifiwa au kulaumiwa kwa kadiri ya moyo wa msemaji.

Neno la pili ni mkahawa. Asili yake ni kahawa, wala si chakula. Nalo lina ndugu yake, hoteli, ambalo katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki huitwa nyumba ya kulia wala si ya kulala, hata mgeni atafutaye kitanda aweza kushangaa akiandaliwa chai na maandazi. Asili hiyo ya kahawa si jambo dogo. Nyumba ya chakula humshibisha mtu, naye akaenda zake. Bali nyumba ya kahawa humkalisha, na mtu akikaa husema.

Watawala walilitambua jambo hili mapema. Huko Makka mnamo mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa na mamlaka ya mji, alipiga marufuku kahawa. Na ingawa hoja zilizotolewa zilikuwa za sheria na za afya, mikutano ya wanywaji nayo ilikuwa imemtia wasiwasi. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne alizifunga nyumba za kahawa za Istanbul. Katika Uingereza Mfalme Charles wa Pili alitoa tangazo mwishoni mwa Desemba 1675 la kuzifunga nyumba hizo, kwa sababu habari za kuichafua serikali zilikuwa zikienezwa humo. Lakini malalamiko yalikuwa makubwa hata akaliondoa tangazo hilo kabla halijatekelezwa, katika Januari 1676. Kilichoogopwa hapo hakikuwa kinywaji, bali masikio ya watu walioketi pamoja.

Katika mji huohuo wa London alikuwako Edward Lloyd, mwenye nyumba ya kahawa, ambaye habari zake zaanza kuonekana mnamo mwaka 1688. Wateja wake walikuwa manahodha, wenye merikebu na wafanya biashara. Lloyd alitambua kwamba bidhaa yake yenye thamani kuliko zote haikuwamo katika birika, bali katika maneno ya wateja: merikebu gani imefika, gani imechelewa, gani imezama. Mwaka 1696 alianza kupiga chapa gazeti la habari za merikebu, na kutokana na nyumba yake likatokea soko la bima lenye jina lake hata leo. Hakupeleleza mauaji, lakini alitangulia kuonyesha kwamba mwenye mkahawa aweza kuwa mweka hazina wa habari za mji.

Hadithi ya upelelezi, hata hivyo, haikuanza mkahawani. Edgar Allan Poe alipoitoa hadithi yake ya kwanza ya namna hii mwaka 1841, alimweka mpelelezi wake, Dupin, katika chumba chenye giza mjini Paris, mbali na watu. Mwaka uliofuata polisi wa London waliunda idara yao ya wapelelezi, yenye watu wanane tu. Alipotokea Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle mwaka 1887, desturi ilikuwa imekwisha kukaa: mpelelezi ni mtu mwenye akili kali, asomaye tope la viatu na majivu ya tumbako, naye huutazama mji kama mtu atazamaye kitabu. Hana haja ya kupendwa na jirani, wala hana haja ya kuwa na jirani.

Badiliko lilikuja polepole. Mwaka 1911 G. K. Chesterton alitoa kitabu chake cha kwanza cha Padre Brown, ambaye huwajua waovu kwa kuwa amesikiliza maungamo yao. Mwaka 1927 Agatha Christie alimleta Miss Marple, mwanamke mzee wa kijiji, ambaye kila jambo ovu humkumbusha tabia ya mtu fulani wa kijijini kwake. Hapa chanzo cha maarifa kimehama. Mjuzi si mgeni tena aliyekuja na kioo cha kukuzia vitu. Mjuzi ni yule aliyekaa miaka mingi mahali pamoja.

Kutoka hapo hata kwa mwenye mkahawa ni hatua moja tu. Katika riwaya ya Diane Mott Davidson ya mwaka 1990, Goldy, mwanamke wa mji mdogo wa Colorado apikaye chakula cha karamu, aona mgeni akitiwa sumu katika karamu aliyoiandaa yeye, na polisi waifunga kazi yake. Mwaka 2000 Joanne Fluke alimtokeza Hannah Swensen, mwenye duka la mikate na biskuti katika mji wa kubuniwa wa Minnesota, ambaye amkuta mleta maziwa ameuawa nyuma ya duka lake. Mwaka 2021 Mia P. Manansala alimleta Lila Macapagal, binti wa jamaa ya Kifilipino katika mji mdogo wa Illinois, ambaye amerudi nyumbani kuusaidia mkahawa wa shangazi yake, na mara mtu aliyekuwa mchumba wake zamani aanguka mezani akafa.

Msomaji atazame jinsi hadithi hizi zinavyofanana. Mauti hufika mlangoni au mezani pa mpishi, na mara nyingi chakula chake hutuhumiwa, na jiko lake likafungwa. Basi haingii katika upelelezi kwa ajili ya anasa ya akili kama Dupin, bali kwa kuwa riziki yake imo hatarini. Silaha zake nazo ni za kazi yake: ajua nani hula saa gani, nani amekopa hajalipa, nani na nani waliokuwa wakiketi meza moja na sasa hawatazamani. Udhaifu wa hadithi hizo nao ni dhahiri. Mji mdogo hauwezi kuuawa watu wengi kiasi hicho ukabaki mji. Na maneno yasikiwayo mezani si ushahidi mbele ya hakimu, mpaka yapatiwe shahidi au kitu cha kushikika.

Sasa turudi kwetu. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyepata tuzo ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi ya 1957–58 kwa "Mzimu wa Watu wa Kale", kitabu kilichotoka mwaka 1960, alimpa mpelelezi wake, Bwana Msa, kiko mdomoni na rafiki, Najum, wa kufuatana naye. Nasaba ya Holmes haifichiki. Msomaji aweza kuuliza: kwa nini mwandishi wa mji wa baraza na kahawa asimchague mtu wa barazani? Mimi naona jibu limo katika kisa chenyewe. Mauaji yametokea mahali pa mzimu, na hofu ya mzimu imo katika vinywa vya watu. Methali yasema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja". Lakini hapa lisemwalo ndilo pazia alilojifichia muuaji. Mtu aliyeishi kwa maneno ya mji asingaliweza kulipasua pazia hilo. Ilihitajika akili isimamayo kando, iulizayo sababu ya kila kitu. Kwa hiyo kiko cha Bwana Msa si kuiga tu. Ni alama ya shaka.

Hivyo wapelelezi hawa wawili hawashindani. Bwana Msa aliyatilia shaka yanayosemwa. Mwenye mkahawa hutafuta ukweli katika yanayosemwa. Lakini kwa huyu wa pili limebaki deni moja, ambalo riwaya za Marekani hulipita upesi. Mgeni akiketi kwako akala, maneno yake ni amana. Mwenye nyumba ayachukuaye akayapeleka polisi, hata kwa haki, ameivunja amana hiyo; na asipoyapeleka, huenda asiye na hatia akafungwa. Katika lugha iliyo na majina makali kama mdaku na mbeya, fundo hili lingeweza kuwa moyo wa riwaya nzima, wala si pambo lake.

Limebaki jina. Wengine wangependa kusema "mpelelezi wa hiari". Mimi naliona neno hilo lamfaa Dupin, aliyejichagulia kazi yake, lakini halimfai mpishi aliyefungiwa jiko. Bora tuseme "mpelelezi asiye askari", ingawa ni refu, mpaka wasemaji wenyewe watupe jina fupi zaidi. Na jina hilo, kama lipo, yaelekea litasikika kwanza mkahawani. Huko ndiko wakusanyaji wa maneno wapaswako kwenda kusikiliza, wakikumbuka kwamba wao nao watakuwa wageni wasikilizao maneno ya watu.