Mgongo wa Mama na Kapu la Chai



Mgongo wa mama ni mahali pa mtoto. Lakini makampuni makubwa ya chai yaliingia Kericho katika miaka ya 1920, na akina mama walipoanza kuchuma, mgongo ule ulipata mzigo mwingine, yaani kapu. Mchumaji anayetafuta majani mawili na chipukizi tangu asubuhi hawezi kubeba vyote viwili. Mara nyingi mdogo aliachiwa dada yake, na dada akakosa shule.

Baada ya uhuru wa 1963, wazazi walijenga shule za chekechea kwa harambee, na makanisa mengi yakatoa nafasi. Palipoimbwa tenzi Jumapili, Jumatatu watoto walihesabu vijiti. Mwaka 1980 usimamizi wa elimu hiyo ulikabidhiwa Wizara ya Elimu. Katiba ya 2010 ikaiweka mikononi mwa kaunti, Kericho na Bomet zikiwemo.

Je, kazi yetu imekwisha? Hasha! Bwana Yesu aliwakataza wanafunzi wake wasiwazuie watoto (Marko 10). Timotheo naye alirithi imani ya nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Mama akiwa shambani, mwalimu wa chekechea hushika nafasi yao. Basi tumwombee, lakini pia tumlipe ujira wake kwa wakati, maana sala haimnunulii unga. Tukimtunza yeye, tumewabeba watoto wetu.

Bwana atusaidie. Amina.